Mapezi Yaliyovunjika Mafinga: Uchambuzi wa Utepe wa Roketi Moja

Klabu ya sayansi ya sekondari moja nje kidogo ya mji wa Mafinga ilirusha roketi yake ya mfano mara tatu, na mara zote tatu ilitua vibaya. Mara ya kwanza pezi moja lilipasuka kwenye kiungo. Mara ya pili roketi ilijikita ardhini huku utepe wake, ule ukanda unaotoka hewani ili kupunguza kasi ya kushuka, ukiwa bado umeviringika kama ulivyopakiwa. Mara ya tatu utepe ulichomoka, ukapeperuka peke yake hadi kwenye misonobari, na roketi ikaanguka bila kizuizi chochote. Baada ya hapo mjadala ukabaki kwenye mambo mawili: wanunue parachuti, au watafute mota ndogo zaidi.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitajika. Mota ilikuwa sahihi, roketi ilikuwa imara kiasi cha kutosha, na utepe ndio unaofaa kwa uwanja ule. Shida ni kwamba utepe ulichaguliwa kwa uimara na rangi, si kwa namna unavyokamata hewa. Na kila ulipofeli, lawama ilitupiwa kitambaa au karatasi, wakati kosa lilikuwa kwenye kipimo, kwenye upakiaji au kwenye fundo. Inafaa kukifuata kisa hiki hatua kwa hatua, kwa sababu utepe ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye roketi na ndicho kinachoamua kama kesho kutakuwa na roketi ya kurusha.

Roketi na uwanja

Roketi yenyewe ina urefu wa sentimita 46: bomba la karatasi la sentimita 36 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 24, na pua ya msonobari ya sentimita 10. Mapezi ni matatu, ya mbao nyembamba ya milimita 2. Mota ni B6-4 ya kipenyo cha milimita 18. Herufi B inaonyesha jumla ya msukumo, kati ya newtoni-sekunde 2.5 na 5. Namba 6 ni wastani wa nguvu kwa newtoni. Namba 4 ni sekunde za kusubiri tangu msukumo uishe hadi baruti ya kufyatulia ilipuke na kuitoa pua. Roketi bila mota ina gramu 28, na ganda la mota iliyokwisha kuungua lina kama gramu 12. Uzito wa kushuka, basi, ni gramu 40, na huo ndio unaotumika kwenye hesabu za utepe. Uzito wa kurukia hauhusiki, kwa kuwa fueli imeshateketea.

Kuhusu mota ni vizuri kusema mapema na kwa uwazi: zitumike za kiwandani tu. Zina baruti ndani, kwa hiyo kuingizwa kwake na kuhifadhiwa kwake kunahitaji kibali, na kurusha kunahitaji kuulizia Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), hasa kwa walio karibu na uwanja wa ndege kama wa Songwe au Nduli. Mwanafunzi anayejaribu kujaza bomba kwa vichwa vya viberiti anatengeneza bomu, na hakuna utepe utakaomsaidia.

Uwanja ni wa mpira wa miguu, urefu kama mita 100. Upande mmoja kuna shamba la misonobari, upande wa pili mahindi na nyumba. Roketi hii inafika kama mita 130. Tuseme upepo ni wa mita 5 kwa sekunde, jambo la kawaida wilayani Mufindi kuanzia Julai. Kwa parachuti inayoshuka mita 4 kwa sekunde, roketi inakaa hewani sekunde 32 na kupeperushwa mita 160, yaani nje kabisa ya uwanja. Kwa utepe unaoshuka mita 8 kwa sekunde, inakaa sekunde 16 na kupeperushwa kama mita 80. Ukiweka kirushio upande upepo unakotoka, roketi inatua ndani ya uwanja. Hii ndiyo sababu ya kung'ang'ania utepe.

Hewa ya mita 1,900

Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 18 hewa pale ina uzito wa kama kilo 0.96 kwa mita ya ujazo. Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 ni kama kilo 1.17. Tofauti ni kama asilimia 17, na utepe unategemea hewa hiyohiyo kupata ukinzani. Maana yake ni kwamba utepe uleule na roketi ileile vitashuka Mafinga kwa kasi zaidi ya Dar kwa karibu asilimia 10. Ili kasi ibaki ileile, eneo la utepe liongezwe moja ya tano. Vipimo vingi vinavyozunguka kwenye vitabu na maelekezo ya vifurushi vya roketi vimetoka kwa watu wanaorushia karibu na usawa wa bahari. Mbeya mjini, Iringa, Njombe, Makete: kote huko ongeza.

Kasi ya kutua inafaa kugeuzwa kuwa kimo cha kudondokea, kwa sababu kimo kila mtu anakielewa. Mita 8 kwa sekunde ni sawa na kuiachia roketi kutoka mita 3.3. Mita 12 kwa sekunde ni sawa na mita 7 na zaidi, kimo cha ghorofa ya pili. Nguvu ya kugonga inapanda kwa mraba wa kasi, ndiyo maana tofauti inayoonekana ndogo hewani inageuka pezi lililovunjika chini.

Mrusho wa kwanza: riboni

Utepe wa kwanza ulikuwa riboni ya satini nyekundu ya mapambo ya harusi, upana sentimita 2.5, urefu mita 1. Ilichaguliwa kwa sababu haichaniki na inaonekana kutoka mbali. Video ya simu, iliyopigwa kwa picha 30 kwa sekunde, ilionyesha roketi ikimaliza mita 2 za mwisho ndani ya picha 5. Hiyo ni mita 12 kwa sekunde.

Eneo la riboni lilikuwa sentimita za mraba 250. Kwa gramu 40 hizo ni kama 6 kwa kila gramu, wakati kipimo kizuri cha kuanzia ni 8.5 kwa gramu, na Mafinga kinapanda hadi 10. Lakini eneo dogo ni nusu tu ya maelezo. Riboni ile ilikuwa na urefu mara 40 ya upana. Utepe hukamata hewa kwa kupigapiga: mwanzo wake hukutana na hewa safi na kuivuruga, na kinachofuata nyuma kinaishi ndani ya hewa iliyokwisha kuvurugwa. Kadiri unavyorefusha bila kupanua, kila sentimita mpya inafanya kazi ndogo kuliko iliyotangulia. Urefu mara 10 ya upana ndio uwiano unaotumika sana, na kanuni za mashindano ya utepe, zikiwemo za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, katika daraja lake la utepe, S6, zinautaja huohuo kuwa mdogo kabisa unaokubalika.

Kisha kuna ulaini. Satini ni laini mno; ikishapata mwelekeo wa hewa inanyooka na kutulia. Ndivyo mtu anavyotaka riboni iwe kwenye gari la harusi. Kwenye roketi inatakiwa kinyume chake: kitu chenye ukavu kidogo kinachokataa kunyooka.

Mrusho wa pili: plastiki iliyogandamana

Waliporudi walikuja na ukanda wa nailoni ya kufungashia, ile plastiki laini inayoonyesha ndani, sentimita 6 kwa 60. Kipimo kilikuwa karibu na sahihi. Ukanda uliviringwa kwa kubanwa jioni, ukapakiwa, na roketi ikarushwa asubuhi iliyofuata, asubuhi ya Juni yenye baridi kali. Pua ilitoka, mviringo ukatoka, haukufunguka.

Ulipookotwa ulionyesha mambo mawili kwa macho. Ukingo wa chini, uliokuwa umeelekea mota, ulikuwa umeyeyuka na tabaka kama nne zimeshikana kwa mstari wa kahawia. Na sehemu isiyoguswa na moto nayo ilikuwa imekariri mviringo: ukiiachia mkononi inajirudisha yenyewe. Plastiki ya aina hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na gesi ya baruti ya kufyatulia ni ya moto kuliko hapo kwa mbali. Kinga ya moto iliyowekwa ilikuwa kipande kimoja cha karatasi ya chooni kilichoshindiliwa kikawa kidonge, na gesi ikapita pembeni yake.

Hapo klabu iliandika kwenye daftari kwamba plastiki haifai. Sahihi zaidi ingekuwa kuandika kwamba plastiki haivumilii kulala imebanwa, wala kukaa bila kinga.

Mrusho wa tatu: tundu

Mara ya tatu ilikuwa karatasi ya krepu ya mapambo, sentimita 5.5 kwa 60. Hili lilikuwa chaguo zuri kuliko yote yaliyotangulia. Krepu ina makunyanzi yake ya asili, ni nyepesi, haiyeyuki, na inauzwa kila duka la vifaa vya shule. Ilitobolewa tundu moja katikati ya ukingo kwa mashine ya kutobolea karatasi, uzi ukapitishwa, fundo likakazwa, na uzi ukafungwa kwenye lastiki inayounganisha pua na bomba, yenye urefu wa sentimita 30.

Krepu ilikatika tundu likafunguka hadi ukingoni. Mshtuko wote wa kufunguka ulikuwa kwenye milimita 6 za karatasi iliyokwisha kupata unyevu wa ukungu. Lastiki fupi iliongeza ubaya: pua inafyatuka kwa kasi, inafika mwisho wa kamba ikiwa bado na nguvu zote, na mvuto unaishia kwenye kiungo dhaifu kuliko vyote. Kwenye mdomo wa bomba pia kulikuwa na alama ya mbonyeo, mahali pua iliporudi na kuligonga bomba lake yenyewe. Alama hiyo ikionekana, lastiki ni fupi. Haihitaji ushahidi mwingine.

Kuna jambo moja la kukagua kabla ya kuulaumu utepe uliochanika. Kama pua ilitoka roketi ikiwa tayari inaporomoka, au ikiwa bado inapanda kwa kasi, basi sekunde za kusubiri hazikulingana na roketi, na hata nailoni ya mwavuli ingeumia. Roketi iliyochelewa kufyatua kwa sekunde 2 baada ya kilele inakuwa imeshafika karibu mita 20 kwa sekunde. Video ilionyesha pua ikitoka kileleni, roketi imelala. Mota ikaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Malighafi zinazopatikana

Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo maelekezo ya zamani ya "kata mfuko wa rambo" hayana kazi tena. Vilivyopo madukani Mafinga, Makambako au Uyole vinatosha, na kwa hesabu hizi tuseme utepe una sentimita za mraba 400 hivi.

Krepu ni ya kwanza kujaribu. Adui zake ni unyevu na tundu. Ikishalowa inanyooka, makunyanzi yanapotea, na rangi inatoka vidoleni. Itumike mara chache na kutupwa.

Karatasi ya zawadi inayong'aa, ile ya plastiki nyembamba na si ya karatasi, ndiyo tunayoiona bora kwa roketi ya ukubwa huu. Utepe mzima hauzidi gramu 1 na kidogo. Ina ukavu, ukiikunja kwa kucha mkunjo unabaki, na ikipigwa na jua inamulika dhidi ya weusi wa misonobari. Ubaya wake ni kwamba ikipata mpasuko mdogo ukingoni, mpasuko unakimbia. Ikatwe kwa wembe na rula ya chuma kwa mkato mmoja. Mkasi huacha vijino. Blanketi la dharura la kung'aa ni jamaa yake, jembamba zaidi na linavumilia joto zaidi, ila si rahisi kulipata.

Utepe wa tahadhari wa nyekundu na nyeupe, wa mafundi ujenzi, una upana wa kama sentimita 7 tayari, na kipande cha sentimita 70 kinatosha bila kukata pembeni. Unaonekana vizuri sana kwenye majani makavu. Ni plastiki ileile laini inayoyeyuka haraka, na haushiki mikunjo. Kwa roketi nzito kidogo na yenye nafasi ya kinga nene, ni chaguo la kuaminika.

Mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa lakini haukufumwa, hauchaniki kirahisi na una ukakamavu mzuri. Ni mnene: utepe mzima unafika gramu 2 na nusu, na ukiviringwa unakaribia milimita 18 za kipenyo. Kwenye bomba la milimita 24 unaingia, kwenye bomba la milimita 18 usahau.

Kitambaa cha mwavuli mbovu ni kigumu kuua, na hilo ndilo linalowavutia wengi. Kingo zake lazima ziyeyushwe kwa mshumaa zisitoke nyuzi. Lakini ni laini kama satini, na kwa eneo lilelile kinashuka haraka kuliko krepu. Kikitumika, kiwe kikubwa zaidi. Kanga na kitenge viachwe kabisa. Ni vizito, na pamba ikipata cheche haiwaki kwa moto unaoonekana, inafukuta kimya hadi chini. Kiangazi cha Mufindi, na msitu wa Sao Hill jirani, cheche moja inayofukuta ni jambo zito kuliko roketi zote za klabu.

Kipimo kilichokatwa

Gramu 40 mara 8.5 ni sentimita za mraba 340. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya mwinuko: 408. Kwa uwiano wa 10 kwa 1, gawanya 408 kwa 10 na utafute kipeuo cha pili: upana unakuja sentimita 6.4. Wakakata 6.5 kwa 65 kutoka kwenye karatasi ya zawadi ya rangi ya fedha, jumla 422.

Halafu marinda. Utepe ulikunjwa mbele na nyuma kwa mikunjo ya sentimita 2, kila mkunjo ukikazwa kwa ukucha juu ya rula. Sentimita 10 za mwanzo, upande unaofungwa, ziliachwa bila marinda ili mvuto uende sawasawa. Marinda yanaufanya utepe ukatae kunyooka, na kwa malighafi inayoshika mkunjo ndiyo nyongeza ya ukinzani isiyokula gramu. Pasi isitumike kwenye karatasi ya zawadi, inasinyaa. Kwa kitambaa cha mwavuli pasi ya moto mdogo inahitajika, na hata hivyo mikunjo haidumu.

Kufunga

Hapa ndipo kazi kubwa ilipofanyika, na hapa ndipo klabu nyingi hupita haraka.

Mianzi ya ulanzi imejaa Iringa na Njombe. Kijiti cha mwanzi mkavu, unene milimita 2, kilikatwa urefu wa sentimita 6.5, sawa na upana wa utepe, na ncha zake zikasuguliwa kwa msasa zisichome. Kijiti cha mshikaki kinafaa vilevile. Ukingo wa utepe ulizungushiwa kijiti mara moja na nusu na kushikwa kwa selotepu pana upande mmoja hadi mwingine, bila tundu hata moja. Sasa mvuto unasambaa sentimita 6.5 zote badala ya milimita 6.

Uzi imara wa kushonea viatu, sentimita 26, ulifungwa ncha zote mbili za kijiti kwenye mifereji midogo iliyochongwa kwa wembe, na tone la gundi ya mbao likawekwa juu ya kila fundo. Uzi huo unafanya hatamu ya umbo la V. Katikati yake pakafungwa kitanzi, na kwenye kitanzi kile kiungo kidogo kinachozunguka ambacho wavuvi wa Ziwa Nyasa hukifunga juu ya ndoana. Wauza zana za uvuvi Kyela wanacho. Bila kiungo hicho utepe unajisokota, unajisokotea kwenye lastiki, na ndani ya sekunde chache unakuwa kamba nyembamba. Kama hakipatikani, kitanzi kilichoachwa kilegee kinapunguza tatizo ila hakiliondoi.

Lastiki ilibadilishwa: ile bapa ya mafundi cherehani, upana milimita 5, urefu sentimita 120, karibu mara mbili na nusu ya roketi nzima. Mwisho wake wa ndani ulishikwa kwa karatasi: kipande cha sentimita 2.5 kwa 7.5, kimekunjwa mara tatu na lastiki imelazwa ndani ya kila mkunjo pamoja na gundi ya mbao, kisha kikabandikwa ukutani ndani ya bomba, sentimita 4 chini ya mdomo. Kina hicho kina sababu. Shingo ya pua inaingia sentimita 2.5, na kikikaa juu zaidi pua haitakaa sawa, au itatoka kwa shida. Kikandamizwe kwa kidole hadi gundi ishike, kisha kiachwe usiku mzima.

Utepe haukufungwa kwenye pua. Ulifungwa kwenye lastiki, sentimita 25 kutoka kwenye pua, ili pua na bomba vining'inie kwa urefu tofauti na visigongane wakati wa kushuka.

Na kisha badiliko ambalo halihusu utepe wenyewe lakini liliusaidia kuliko lolote. Bomba likining'inia kwa mdomo wake linashuka wima, mkia chini, likiikata hewa na kutua juu ya mapezi. Likilazwa ubavu, hewa inakutana na sentimita za mraba 90 za bomba, na ukinzani wa bomba hilo pekee unakaribia ule wa utepe. Kwa hiyo lilitafutwa pale bomba linapokaa sawa juu ya rula, likiwa na ganda la mota ndani na bila pua: sentimita 10 kutoka mkiani. Uzi ulizungushwa mara mbili sentimita 1 nyuma ya hapo, ukafunikwa kwa ukanda wa karatasi na gundi, ukapitishwa nje ya bomba hadi mdomoni na kuungwa na lastiki. Ile sentimita 1 ya nyuma inaufanya mdomo uinamie kidogo ukilining'iniza mkononi. Hewani, hewa inayotoka chini husukuma zaidi nusu ya mbele na kulilaza bomba sawa. Shingo ya pua ilisuguliwa kidogo kwa msasa kupisha unene wa uzi.

Kinga na upakiaji

Karatasi ya chooni tupu haifai. Klabu ilichovya karatasi hiyo kwenye maji yenye soda ya kuokea, vijiko viwili vya mezani kwa robo lita, ikaianika ikauka kabisa. Jaribio lake ni la lazima: washa ukingo kwa kiberiti, uzime moto, utazame. Ikibaki cheche inayotembea, irudishwe kwenye maji yenye soda zaidi. Jani bichi la kabichi lililochanwa vipande nalo linafanya kazi, na siku za kiangazi ndilo salama zaidi, mradi liwekwe dakika chache tu kabla ya kurusha lisilowanishe utepe. Kina cha kinga ni sentimita 4 hadi 5, mara mbili ya kipenyo cha bomba. Iwekwe ikiwa huru, ikigusa kuta pande zote. Ikishindiliwa inakuwa risasi badala ya kizuizi.

Utepe ulikusanywa kwa marinda yake, ukaviringwa juu ya kijiti bila kubana, ukapakwa poda ya watoto kidogo, ukaingizwa baada ya kinga. Lastiki juu yake, kisha pua. Kipimo cha kukaza ni hiki: ukiishika roketi kwa pua bomba lisidondoke, na ukipuliza kwa nguvu kutoka mkiani kabla ya kuweka mota na kinga, pua na utepe vitoke vyenyewe. Upakiaji wote ufanyike uwanjani.

Majaribio na mrusho wa nne

Kabla ya kuchoma mota, tepe nne za eneo moja zilifungiwa vifuko vya mchanga vya gramu 40 na kudondoshwa mbilimbili kwa pamoja kutoka veranda ya ghorofa, kimo cha kama mita 7. Kwa kasi hizi utepe unafika karibu na kasi yake ya mwisho ndani ya umbali huo, kwa hiyo mashindano ni ya haki. Riboni ya satini ilitangulia kila mara. Kitambaa cha mwavuli kilifuata. Krepu na karatasi ya zawadi yenye marinda zilikuwa nyuma, na karatasi ya zawadi ikawa ya mwisho. Mapezi nayo yalijaribiwa: roketi iliachiwa juu ya nyasi kutoka mita 3, kimo cha kugonga kwa karibu mita 8 kwa sekunde. Viungo vilivyoshindwa viliongezewa gundi kwenye kona.

Asubuhi ya mrusho upepo ulikuwa hafifu. Kikomo cha upepo katika kanuni za usalama za NAR, chama cha roketi cha Marekani, ni kilomita 32 kwa saa, ingawa kwa uwanja wenye miti karibu nusu ya hapo inatosha kuahirisha. Nyasi zilimwagiwa maji kuzunguka kirushio, watu wakasimama mita 5 au zaidi. Pua ilitoka kileleni, utepe ukamulika, bomba likalala ubavu. Mita 2 za mwisho zilichukua picha 9 za video: mita 6.7 kwa sekunde, sawa na kudondoka kutoka mita 2.3. Mapezi yote matatu yalibaki mazima.

Ukingo wa utepe ulikuwa na doa moja la masizi, na uzi wa hatamu ulikuwa umeanza kuota manyoya karibu na ncha moja ya kijiti, ambapo mfereji ulichongwa kwa kina kupita kiasi. Uzi ulibadilishwa na mfereji ukasuguliwa. Sentimita 5 za lastiki zilizo karibu na kishikizo cha karatasi ndizo zinazopigwa na gesi kila mrusho. Zikianza kukakamaa au kuonyesha nyufa ukizivuta, lastiki nzima inatolewa. Na klabu ikija kuweka mota ya C6-5, ambayo itaipeleka roketi juu zaidi, utepe usibadilishwe kwa kuwa uzito wa kushuka ni karibu uleule. Kitakachobadilika ni mita za kupeperushwa, na uwanja wa mpira hautatosha.